Anza na Metal Gear ya Tano

Tangu kampuni ya Konami itoe upya mchezo wa tatu wa Metal Gear Solid, mwezi wa Agosti 2025, kwa jina la Delta, swali moja limerudi kati ya wanafunzi wanaocheza michezo ya video hapa Likasi: mtu ambaye hajawahi kuugusa mfululizo huu aanzie wapi? Wengi hujibu upesi kwamba aanzie mwanzo, kama kitabu. Mimi nasema aanze na wa tano, The Phantom Pain, uliotoka tarehe 1 Septemba 2015. Nikimwambia hivyo mwanafunzi wa kitivo hiki, anayesoma lugha za Afrika, nasema kwa nguvu zaidi. Najua jibu hilo linaudhi. Wanaolipinga wana hoja, na moja kati ya hoja hizo sina dawa yake. Lakini kwanza tulitazame neno lenyewe, "mwanzo".

Kwa walimu wetu na wenzetu wasiocheza: Metal Gear ni mfululizo wa kijasusi ulioanzishwa na Mjapani Hideo Kojima mwaka 1987. Mchezaji humwongoza askari mmoja anayeingia kwa siri katika kambi ya adui, na ufundi wake ni kupita bila kuonekana. Mchezo wa pili ulitoka 1990. Mwaka 1998 ukaja Metal Gear Solid kwenye PlayStation ya kwanza, ndio uliolitangaza jina hilo duniani. Kisha mingine 2001, 2004, 2008, 2010, na kuendelea hadi 2015. Sasa tazama mambo yenyewe yanatukia lini. Mchezo wa 1987 unasimulia ya mwaka 1995. Ule wa 1998 unasimulia ya 2005. Ule wa 2004 unarudi nyuma hadi 1964. Na The Phantom Pain, uliotoka baada ya hiyo yote, unasimulia ya 1984, yaani miaka kumi na mmoja kabla ya mchezo wa kwanza. Kwa hiyo anayesema "anzia mwanzo" bado hajasema kitu mpaka aseme mwanzo upi, wa mtengenezaji au wa hadithi. Wa kwanza watakupeleka 1987, kwenye vijipicha vya vidoti ambavyo mdogo wako atavicheka. Wa pili watakupeleka kwenye mchezo wa 2004. Wamegombana miaka mingi, na kila upande unaamini kwamba mwanzo wake ndio wa asili.

Kuna mwanzo wa tatu, na huo ndio tuliouzoea sisi. Katika vyumba vya michezo vya Kikula au Panda unaanza na diski iliyopo. Wengi wa rika langu walianza God of War na ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekwaruzwa. GTA walianza na San Andreas, na mwenye chumba mwenyewe hakujua kama kulikuwa na nyingine kabla yake. Hakuna aliyekaa chini kuchagua. Tuliingia katikati ya hadithi, tukaulizana, tukabuni yaliyokosekana, na mara nyingine ubunifu wetu ulikuwa mtamu kuliko wa kampuni. Siusifu upungufu huo. Diski iliyokwaruzwa ni hasara. Lakini ulituachia mazoea ya kutoogopa kuingia katikati, na mazoea hayo nimekuja kuyakuta yakitetewa mahali nisipotazamia kabisa, katika masomo ya mwaka wa kwanza wa isimu.

Kila mmoja wetu amesoma, au angalau ameagizwa asome, Cours de linguistique générale, iliyochapishwa 1916, miaka mitatu baada ya Saussure kufariki. Mle ndani kuna mfano wa sataranji. Saussure anasema kwamba hali ya ubao wakati wowote inajitegemea. Thamani ya kete inatoka katika nafasi yake mbele ya kete nyingine, wala haiongezeki kwa kujua ilifikaje pale. Mtu aliyeufuata mchezo tangu kete ya kwanza hana faida yoyote kumzidi yule anayepita njia na kuchungulia ubao wakati mambo yamekuwa magumu. Kwake, hiyo ndiyo hali ya msemaji wa lugha. Mtoto wa Shituru anasema "fasi gani?" bila kujua neno hilo lilipita wapi kabla ya kufika kinywani mwake, na analisema sawasawa. Historia ya neno ni kazi yetu sisi wa chuo, na sisi wenyewe tunaifanya kwa kuanzia mwisho. Mame-Bantu haikuandikwa popote. Tunazipanga lugha za leo, tunalinganisha, tunarudi nyuma. Hakuna mtaalamu wa isimu linganishi aliyewahi kuanzia mwanzo.

Mfano huo ungemaliza mjadala kama michezo ya Kojima ingekuwa sataranji. Haiko hivyo. Hadithi ina kumbukumbu. Anayeanza na wa tano atamkuta Miller, mtu aliyepoteza mkono na mguu, akiwaka kwa hasira ambayo mgeni haielewi sawasawa, kwa sababu chanzo chake kiko katika Peace Walker wa 2010 na Ground Zeroes wa 2014. Atamkuta Ocelot akimsaidia shujaa kwa upole na hatamshuku, wakati wakongwe waliokutana naye katika mchezo wa 1998 hawampi mgongo hata dakika moja. Hayo yanavumilika, mtu huyapata baadaye. Hoja nisiyo na dawa yake ni nyingine. Mwisho wa The Phantom Pain unafumbua fumbo ambalo michezo miwili ya kwanza, ya 1987 na 1990, ililiacha wazi. Anayelijua fumbo anashtuka hata anaweka kidude cha kuchezea mezani. Asiyelijua anauliza, "Basi?" Na aliyekwisha kuambiwa jibu hawezi tena kushtushwa nalo akirudi nyuma. Hiyo ni hasara kamili, naikubali.

Lakini mtazame shujaa mwenyewe anavyoingia. Anaamka hospitalini Saiprasi baada ya kupoteza fahamu miaka tisa. Hajui dunia imekwenda wapi. Historia yake mwenyewe anasimuliwa na watu wengine, na hana njia ya kuihakiki. Mchezaji mgeni analala kitandani hapo hapo pamoja naye, haelewi kama yeye asivyoelewa, anaamini kwa sababu hana la kufanya. Mkongwe anakuja na mzigo wa ujuzi na kila mara anamtangulia shujaa hatua mbili. Wanaoujua mwisho wataona kwa nini nadhani kutojua huko kunaufaa mchezo huu kuliko mwingine wowote wa mfululizo. Sitaongeza neno.

Wala tusidhani kwamba kuingia katikati kulivumbuliwa na vyumba vya PlayStation. Mwaka 1956, kule Kivu, Candi Rureke, fundi wa masimulizi wa Wanyanga, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, ambao Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa kitabuni mwaka 1969. Rureke mwenyewe alisema, na alirudia kusema, kwamba hajawahi kuusimulia wote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kuimba sehemu. Jioni hii Mwindo anamfuata babake Shemwindo kuzimu. Siku nyingine, kwa watu wengine, sehemu nyingine. Kitabu kizima chenye kichwa na mkia, ambacho sisi tunakifungua ukurasa wa kwanza na kukiita asili, kilipatikana kwa sababu mtafiti alikiomba. Na wasikilizaji wa Wanyanga hawakupotea. Mwindo anaitwa Kabutwakenda, yule aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Kila jina hilo linapotamkwa, sura ya kwanza imekwisha kusimuliwa upya ndani ya neno moja. Msomaji wa Kiswahili haitaji hata kamusi kuisikia ile "kenda" mwishoni.

Hadi hapa nimetetea tu kwamba inawezekana. Sababu yangu ya kutaka hasa wa tano ni lugha. Asiyependa kuambiwa chochote kabla ya kucheza aziruke aya mbili zinazofuata.

Baada ya Afghanistan, mchezo unahamia mpakani mwa Angola na Zaire. Huko unakamata askari na kuwahoji, na wanakujibu kwa lugha yao. Kama katika kikosi chako hakuna mkalimani wa lugha hiyo, umekamata mtu bure. Wakalimani wanaotafutwa ni wa lugha nne: Kirusi, Kipashto, Kiafrikana na Kikongo. Peke yake hilo lingetosha kunifurahisha, maana katika michezo mingi ya vita Mwafrika hupiga kelele tu kisha hufa. Lakini kuna zaidi. Siku moja, kwenye kituo chako katikati ya bahari, watu wako wanaanza kuugua na kufa. Madaktari hawaelewi. Mchezo haukuambii sababu; unakupa orodha ya watu na habari zao, na ni wewe utafute wagonjwa wanafanana katika nini. Umri hapana, kazi hapana. Wote wanasema Kikongo. Dawa iliyopo ni kuwatenga wote wenye lugha hiyo, wazima kwa wagonjwa, na unafanya hivyo kwa kubonyeza jina moja moja. Chanzo ni kimelea kinachokaa kwenye nyuzi sauti, kilichofundishwa kuitambua lugha moja kwa sauti zake. Mtu akiendelea kuisema, kinazaana na kumwua. Mwenye mpango huo, Skull Face, shabaha yake kubwa ni Kiingereza. Yeye mwenyewe ni mtu aliyepoteza lugha ya kwao utotoni, kwa sababu kila mtawala aliyefika alifika na lugha yake.

Sijui mchezo mwingine unaomlazimisha mchezaji kuwapanga watu kwa lugha ya mama, kisha aishi na alichofanya. Na mji wetu si mji wa kuuchezea sehemu hiyo kwa moyo mwepesi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa Likasi, wengine wakiwa wamezaliwa hapa hapa, na maelfu walilala kituoni wakingoja treni. Jina, au lafudhi tu, liliweza kumtambulisha mtu. Sisi tulio chuoni leo tulizaliwa baadaye. Tunayasikia kwa wazee vipande vipande, bila mpango, na mara nyingi kipande cha mwisho kwanza. Mwenzangu mmoja alipofika kwenye ile orodha ya majina alisimamisha mchezo akatoka nje. Hakuwa amecheza hata mmoja wa michezo iliyotangulia. Hakuna alichopungukiwa.

Nimesema mchezo unastahili mwanaisimu. Haimaanishi kwamba kila kitu ndani yake ni sawa kiisimu. Fungua ramani. Kuna kituo kinachoitwa Munoko ya Nioka. Msemaji wa Kiswahili anaona nyoka mara moja, na akiuliza ataambiwa kwamba munoko ni kinywa: Kinywa cha Nyoka. Lakini itazame hiyo "ya". Katika Kikongo cha vijijini -a unganifu hufuata ngeli ya nomino, kama katika Kiswahili sanifu. "Ya" isiyobadilika, inayoshika kila nomino bila kujali ngeli, ni alama ya Kituba, ile tunayoiita Kikongo ya leta, lugha ya njiani, sokoni na ofisini. Kuna pia shamba linaloitwa Bampeve, yaani mizimu, ambako kiambishi ba- kimebandikwa kwenye nomino ambayo Kikongo cha vijijini kisingeipa kiambishi hicho. Hicho pia ni Kituba. Basi kimelea kilifundishwa Kikongo kipi? Kindibu? Kintandu? Kimanyanga? Kiyombe? Au Kituba, ambacho Katiba yetu ya 2006 inaonekana kukihesabu ndani ya jina moja la Kikongo pamoja na Lingala, Kiswahili na Ciluba? Mtu wa Matadi anayesema Kiyombe nyumbani na Kituba kazini, amekwisha au amepona? Watengenezaji hawakujiuliza. Waliichukua lugha kama sanduku lililofungwa: uko ndani au uko nje.

Na kile kimelea kingefika Likasi kingefanya nini? Sikiliza mazungumzo yoyote mbele ya jengo letu: sentensi inaanza kwa Kiswahili, kitenzi kinakuja Kifaransa na viambishi vya Kiswahili, tusi linakuja Kiluba, kicheko Kibemba. Nadhani kingekufa chenyewe kwa kuchoka. Nafanya mzaha, lakini swali lililo chini ya mzaha ni lile lile la mitihani yetu: mpaka wa lugha uko wapi, na nani anauchora? Mhadhara wa saa mbili juu ya lugha na lahaja haujawahi kunifanya niliogope swali hilo. Orodha ya majina kwenye skrini ilinifanya.

Kuna jambo jingine linalonisukuma, na linahusu kitivo chenyewe. Mwanafunzi akitaka kuandika mémoire juu ya Kiswahili cha Likasi, mara nyingi anaombwa kwanza aeleze Kiswahili sanifu, sura nzima, kisha aonyeshe chetu kimekengeuka wapi. Tunasema "kitabu ya mwalimu", na swali la kwanza ni kwa nini hatusemi "cha". (Iko pale tena ile "ya" ya Munoko ya Nioka, msemaji wa Katanga anajisikia nyumbani kwenye ramani ile kuliko mtu wa Unguja.) Yaani lugha yetu inatazamwa kama toleo la baadaye, ambalo halieleweki bila lile la kwanza. Lakini sanifu yenyewe ilichongwa kutoka Kiunguja, chini ya kamati iliyoundwa 1930, na wakati huo watu wa kambi za Union Minière walikuwa wamekwisha kukisema Kiswahili chao. Nani kati yao ni wa kwanza? Mtoto wa Likasi anaanza na hiki. Sanifu anaikuta baadaye, kwa vitabu na redio, na kwake yeye ndiyo sehemu ya pili. André Yav alipoandika historia ya mji wa Élisabethville mwaka 1965, aliiandika kwa Kiswahili cha huku huku, na Johannes Fabian alipoichapisha 1990 aliisoma kama maandishi yenye kanuni zake. Sidai kwamba historia haina kazi. Nadai kwamba sura ya kwanza ya mémoire iwe juu ya lugha iliyoko mezani, na pwani ije pale inapohitajika.

Wanaopinga watasema nimechanganya mambo: lugha huwezi kuchagua pa kuanzia, mchezo unaweza. Ni kweli, siku hizi unaweza, kama una pesa, mashine na umeme usiokatika. Mwenye vyote hivyo na subira ya kupitia michezo minane kabla ya kufika hapa, aende. Atapata ule mshtuko wa mwisho ambao sisi wengine hatutaupata. Namwambia tu kwamba nimeona wengi wakianza 1987 kwa heshima na kuachia njiani kabla ya wiki mbili, na hao hawakufika Kikongo kamwe.

Kwa atakayenisikiliza, njia yangu ni hii. Cheza wa tano mpaka umalize Afrika, usikimbie. Kaseti za sauti zilizomo zisikilize zote, nusu ya hadithi iko humo, na maandishi ya Kifaransa yapo kwa asiyefuata Kiingereza. Baadaye rudi kwenye wa tatu, wa 2004 au hiyo Delta kama mashine yako inaibeba; ni mchezo mzuri kuliko wa tano, nakiri bila kulazimishwa, na utamwelewa shujaa kwa njia ambayo mkongwe hakuipata, kwa sababu utakuwa umekwisha kuona alikofikia. Kisha wa 1998. Ule wa 1987 uache mwisho kabisa, na ucheze hata saa moja tu, ukijua unayemtafuta ni nani.

Na nina ombi. Kuna wanafunzi hapa waliotoka Kongo-Central na Kwilu. Mmoja wao anayesema Kikongo cha kwao tangu utoto, si Kituba peke yake, aje tukae naye saa moja mbele ya skrini, tuwasikilize wale askari wa mpakani wanapohojiwa, tuandike wanachosema neno kwa neno. Masikio yangu ni ya Kiswahili, na ramani imeniambia jambo moja tu; nataka kujua kama wenye sauti wanasema lugha ile ile iliyoandikwa kwenye vibao.